Nafundisha Biblia kila wiki lakini mimi mwenyewe sisikii kitu

Shikamoo Shangazi, na Bwana asifiwe.

Mke wangu ndio husoma safu hii kila wiki, mimi huwa ananisomea tu tukila, lakini leo nimeamua kuandika mwenyewe na yeye hajui. Mimi nina miaka 36, naishi Likoni, kazi yangu ni karani kwenye godauni moja huko Shimanzi, yani nikivuka feri asubuhi ndio basi mpaka jioni. Niliokoka nikiwa sekondari na tangu hapo Biblia ndio kitabu changu. Kanisani kwetu mimi ndio hushika somo la wanaume Ijumaa jioni, alafu Jumapili moja kwa mwezi napewa madhabahu, na watu husema nafafanua vizuri, kuna wazee rika la babangu huja na daftari waandike.

Shida yangu ni hii. Siku hizi nikifungua Biblia sisomi, natafuta. Macho yanapita kwenye mstari na kichwa tayari kinapanga, hii pointi ya kwanza, hii ya pili, hapa ntatoa mfano wa foleni ya feri watu wacheke kidogo, hapa ntawauliza swali. Hata nikiwa peke yangu saa kumi na moja alfajiri, nyumba imenyamaza, sijui nazungumza na nani, manake naona nyuso za wale wanaume wa Ijumaa zimenikalia mbele. Nikipata mstari umenigusa dakika haiishi nshauandika kwenye simu na nshautuma kwa grupu, na zile amina zikianza kushuka nahisi kama nshaomba tayari. Ikifika usiku nagundua sijaomba.

Mbali na hiyo nina apu ya Biblia yenye mpango wa mwaka mzima, sura tatu nne kwa siku, nasikiliza kwa iafoni nikiwa ndani ya feri. Apu inahesabu siku ambazo sijakosa na mimi sitaki hesabu ikatike, kwa hivo hata nikiwa na usingizi nitaiacha isome mpaka mwisho. Lakini niulize jioni asubuhi nilisikia nini, nitakwambia jina la kitabu tu.

Sasa mke wangu. Yeye hana mpango wowote. Tangu mwaka uanze yuko na Marko tu, anasoma mistari michache anafunga. Hukaanga mahamri ya kuuza asubuhi, na mimi nikiamka namsikia jikoni anaongea pole pole, nikamuuliza siku moja unaongea na nani akasema naongea na Mungu juu ya ile nimesoma jana. Alisema hivo tu na akaendelea kugeuza mahamri. Shangazi nilimuonea wivu, na najua ni aibu mtu kumuonea mkewe wivu kwa jambo kama hilo, lakini ndio ukweli. Mimi ndio mwalimu, yeye ndio anaongea naye.

Labda niseme na hili. Mwaka jana tulipoteza mtoto, mimba ilikuwa ya miezi saba. Watu wa kanisa walijaa nyumbani na mimi nikawa ndio nawafariji wao. Ijumaa iliyofuata nilishika somo kama kawaida, Warumi 8:28, katika mambo yote Mungu hufanya kazi na wampendao kuwapatia mema. Watu walilia sana. Mimi sikulia. Naona ni kama kutoka hapo hali hii ilizidi lakini sijui kama yahusiana.

Nimefunga, nimeongeza sura, sikuona tofauti. Mchungaji ameniambia ni shambulizi la adui kwa sababu ya huduma. Rafiki yangu mmoja akanishauri niwe nafungua Biblia popote asubuhi, pale kidole kitakapoangukia ndio neno langu la siku, nikajaribu nikaangukia majina ya koo za Israeli nikafunga.

Naomba uniambie, je mimi nimerudi nyuma? Niache kufundisha? Na mtu ambaye nshaijua Biblia hivi, kila hadithi najua inavyoisha, naanzia wapi kusoma tena ili Mungu awe wa kuongea naye na si mada ya Ijumaa?

Mwalimu wa Ijumaa, Likoni

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba mwanangu, Bwana asifiwe sana.

Poleni, wewe na mkeo, kwa mtoto wenu. Naanza hapo kwa sababu umeandika hujui kama yahusiana, na mimi naona yahusiana kabisa, ila ntalirudia baada ya kusema mambo mengine mawili matatu ili ulipokee vizuri.

Kwanza hujarudi nyuma. Mtu aliyerudi nyuma hamuonei mkewe wivu kwa sababu anaongea na Mungu, anamshangaa tu au anamwambia apunguze kelele alale. Huo wivu wako mimi nauona ni kiu, na kiu hiyo ningesikitika kama ungekuwa huna. Tena hauko peke yako, ni jambo linalowapata hasa watu wanaolishika Neno kila siku, wachungaji, makatekista, walimu wa Sunday School, wanakwaya, kwa sababu ndio wanaolisoma kila mara wakiwa na kazi nalo. Soma ile 1 Samweli 3, utaona kijana Samweli analala ndani ya hekalu, karibu na sanduku la Mungu, anamtumikia Bwana mbele ya Eli, na mstari wa 7 unasema alikuwa bado hajamjua Bwana. Ndani ya hekalu kabisa! Anafungua milango, anafanya kazi yote, na bado. Wala Mungu hakumfukuza kwa hilo, alimwita kwa jina, akarudia, akarudia tena, mpaka yule mzee akaelewa na kumwambia nenda kalale, ukiitwa sema Bwana nena mtumishi wako anasikia.

Sasa wewe umesema neno zito sana pale mwanzo, kwamba husomi, unatafuta. Kila unachokisoma kina wasikilizaji tayari kabla hujakisikia wewe. Wakatoliki wana utaratibu wa zamani wa kusoma maandiko kwa sala, mtawa mmoja wa karne ya 12 aitwaye Guigo aliuandika kama ngazi yenye vipandio vinne, cha kwanza kusoma, cha pili kutafakari, cha tatu kuomba, cha nne kutulia tu mbele za Mungu bila maneno mengi. Hata kama wewe si Mkatoliki angalia hiyo ngazi alafu ujiangalie. Wewe unapanda kipandio cha kwanza, unapanda cha pili vizuri sana kuliko wengi wetu, alafu hapo hapo unarukia kwenye grupu. Cha tatu hujakikanyaga siku nyingi. Na cha tatu ndio pale mtu anapoacha kusema "Mungu anasema" na kuanza kusema "wewe Mungu umesema, na mimi nakujibu hivi." Mkeo yuko hapo jikoni kwake na mistari yake michache.

Kwa hivo ushauri wangu mkubwa ni mmoja na ntaushikilia. Tenga sehemu ya Biblia ambayo hutamfundisha mtu yeyote. Hutaitolea pointi, hutaituma kwa grupu, hutaiandika kwenye simu, hata ukipewa madhabahu ghafla na huna cha kusema hutaigusa. Hiyo ni yako na Mungu. Najua vile itakavyokusumbua siku za mwanzo, utasoma mstari na mkono utakimbilia simu wenyewe, na kichwa kitakwambia lakini hii ingewabariki ndugu. Waache ndugu wabarikiwe na nyingine, Biblia ya Kiprotestanti ina vitabu 66, hawatakosa.

Na kwa vile umeniuliza uanzie wapi, ntakutajia mahali. Marko 10, mstari wa 46 mpaka 52, Bartimayo. Nadhani ushaihubiri, na nadhani najua pointi zako, alipaza sauti, alitupa vazi, alimfuata Yesu njiani. Nzuri, ziweke pembeni. Chukua Biblia ya kitabu, si simu, manake kwenye simu utaingiliwa na meseji ya M-Pesa na grupu la kanisa kabla hujamaliza mistari miwili. Soma kwa sauti, ndio, kwa mdomo, sauti ya chini ya kutosha wewe kusikia. Usiwe na haraka. Yuko kipofu anakaa kando ya njia Yeriko, anaomba. Wewe kila asubuhi unawapita ombaomba pale kwenye mteremko wa feri, unajua mtu akiita pale katikati ya watu wanaokimbilia mlango ukifungwa, sauti yake inamezwa. Wengi wakamkemea anyamaze. Kaa hapo kidogo. Jiulize, ni nani aliyekunyamazisha wewe? Inawezekana ni wewe mwenyewe.

Alafu mstari wa 49, Yesu akasimama. Usipite. Msafara mzima umesimama kwa ajili ya mtu mmoja anayepiga kelele. Halafu fika mstari wa 51, pale anapomuuliza, "Wataka nikufanyie nini?" Na hapo, mwanangu, funga kitabu.

Manake angalia, kila mtu aliyekuwa pale aliona yule ni kipofu. Yesu hakuwa na haja ya kuambiwa. Lakini alimuuliza na akangoja aseme kwa kinywa chake. Sasa swali hilo ni lako. Usijibu jibu la mwalimu, usimwambie nataka nizidi katika huduma, nataka wanaume wa Ijumaa wakue kiroho. Jibu la kwanza litakalokuja moyoni ukiwa huna wa kumpendeza, hilo. Huenda ikawa ni "sijui." Mwambie sijui. Huenda ikawa ni "nataka kulia na siwezi." Huenda ikawa ni "ulikuwa wapi siku ile tulipokuwa hospitali." Sema hiyo hiyo, kwa sauti, kwa Kiswahili chako cha nyumbani au kwa lugha ya mamako, ile unayoongea ukiwa umeumia, si Kiswahili cha madhabahuni. Ukishasema nyamaza kidogo. Sikuahidi utasikia sauti, wala usiketi ukiitegea, wala ukisikia wengine kwenye ushirika wanasema Bwana ameniambia hiki na kile usijilinganishe nao. Kazi yako siku hiyo ni kujibu swali uliloulizwa. Inuka ukaoge uende kazini.

Kesho soma mistari ile ile. Na kesho kutwa. Kaa nayo wiki nzima kabla hujasogea. Najua kwa mtu wa sura nne kwa siku hii itaonekana ni uvivu. Siyo. Utashangaa siku ya nne utaona kitu ambacho hukukiona siku zote ulizoihubiri, na hapo ndio mkono utakimbilia simu kwelikweli, na hapo ndio utakataa.

Sasa turudi kwa mtoto wenu.

Mkeo alipoteza mtoto akalia. Wewe ulipoteza mtoto ukawa unapanga viti vya wageni. Halafu ukafundisha Warumi 8:28. Sikulaumu, wanaume wengi hapa Pwani tumewalea hivo, mwanamume ajikaze, na wewe juu ya hapo ni mwalimu, watu wanakuangalia uso. Na mstari wenyewe ni wa kweli, naushika kama wewe. Lakini ebu rudi nyuma mistari michache uone Paulo amefikaje hapo. Mstari wa 22, viumbe vyote vinaugua. Mstari wa 23, sisi nasi, tulio na Roho, tunaugua ndani yetu. Mstari wa 26, hata Roho mwenyewe anatuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Kuugua mara tatu, ndio baadaye linakuja lile la mambo yote kufanya kazi pamoja kwa wema. Wewe ulianzia mwisho. Uliwapa watu faraja wakati wewe mwenyewe kuugua kwako hujakupeleka popote, na nadhani ndio maana tangu siku ile kila ukifungua Biblia unaifungua ukiwa mwalimu, kwa sababu ukiifungua ukiwa baba kuna jambo la kuongea na Mungu ambalo unaliogopa.

Usiogope. Mungu hajakataa maneno ya aina hiyo, ameyaweka ndani ya Biblia yenyewe. Zaburi ya 13 inaanza na mtu anamuuliza Mungu utanisahau mpaka lini. Zaburi ya 88 inaisha gizani, haina hata mstari wa shukrani mwishoni, na imo humo na makanisa yameisoma tangu zamani. Lakini mimi ningependa wewe hasa usome Yeremia 15, kwa vile naye alikuwa mtu wa kuwapelekea wengine maneno ya Mungu. Mstari wa 16 anasema maneno yako yalionekana nikayala, yakawa furaha ya moyo wangu. Mistari miwili tu mbele, wa 18, huyo huyo anamuuliza Mungu kwa nini maumivu yangu hayaishi, je utakuwa kwangu kijito kinachodanganya, maji yasiyodumu? Mhubiri anamwambia Mungu hivo! Na anajibiwa, tena anajibiwa kwa ukali kidogo, anaambiwa arudi, lakini anajibiwa na anaahidiwa kwamba Mungu yuko pamoja naye. Yeremia hakungoja moyo utulie ndio aombe.

Tena kwa sisi watu wa Mombasa kuna jambo hunigusa kila nikipita upande wa Nyali. Ludwig Krapf, yule mmishonari Mjerumani, alipofika hapa mwaka 1844 alianza mwaka huo huo kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na mwezi wa Julai mwaka huo huo mkewe Rosine akafa kwa homa hapa hapa, na mtoto wao mchanga wa kike akafuata siku chache baadaye. Wamezikwa ng'ambo ya Nyali. Kwa hivo kazi ya kuliingiza Neno kwa lugha yetu, kwenye mji wetu, ilianza kwenye nyumba iliyokuwa na msiba kama wenu. Sikwambii hili ili useme basi mimi nani nilalamike. Nakwambia ujue kwamba mtu anaweza kuwa na kazi ya Mungu mikononi na kaburi la mtoto wake kwa wakati mmoja, na hilo la pili lina haki ya kuombewa pia.

Siku utakayokuwa tayari, na isiwe mbali sana, soma Zaburi 13 yote, ni mistari sita, kwa ajili ya mtoto huyo. Kama mlimpa jina mlitaje. Kama hamkumpa, muulize mkeo, huenda yeye anamwita kwa jina kimoyomoyo. Na hili usilifanye peke yako mpaka mwisho, mwambie mkeo umeniandikia. Najua hutaki ajue, lakini yeye amekuwa jikoni akiongea na Mungu juu ya msiba wa watu wawili, na wewe uko chumba cha pili na Biblia mkononi. Ukae naye hata kwenye kigoda hapo pembeni, asubuhi moja, umuulize leo umesoma nini, na akikujibu usimfafanulie. Msikilize tu. Na kama usingizi umepotea, au hasira zinakuja bila sababu, au umejikuta hutaki kurudi nyumbani, mtafute mshauri aliyesomea mambo ya msiba, kwenda kwa mshauri si kukosa imani.

Hayo mengine ntayapita haraka. Apu, isimamishe. Biblia ina sura 1189, ukigawa kwa mwaka ndio unapata hizo tatu na kitu kwa siku, ni hesabu nzuri kwa mtu ambaye hajawahi kuipitia yote, na atakayekuja baadaye kukwambia umeacha mpango mwambie ushaipitia. Lakini hakuna mahali Mungu ameagiza imalizwe kwa mwaka. Hata namba za mistari zenyewe ni za juzi, Agano Jipya lilianza kuchapwa na namba tunazozitumia leo mwaka 1551, ni za kutusaidia kupata mahali tu. Acha hiyo hesabu ya siku ikatike, na ikikatika uone kama kuna kitu kimepungua. Kwenye feri weka iafoni mfukoni, chukua neno moja tu la asubuhi, mathalani lile "Wataka nikufanyie nini," na ulirudie ukishuka unapopanda ule mlima wa upande wa kisiwani.

Kuhusu kufungua popote kidole kikaangukia, mimi sipendi njia hiyo na sitakuficha, kwa sababu inamfanya mtu auachie mkono wake uchague alafu aseme ni Mungu. Kitabu kina mwanzo na mwisho, anza pale mwandishi alipoanza. Na mchungaji wako mheshimu, huenda ameona jambo ambalo mimi kwa barua siwezi kuliona, lakini mwambie na habari ya mtoto, manake nahisi kwake pia ulikwenda ukiwa mwalimu ukaacha kumwambia.

Na je uache kufundisha? Kuacha kabisa, hapana. Kupumzika, ndio, naomba upumzike. Ezra 7:10 inasema Ezra aliuelekeza moyo wake kuitafuta sheria ya Bwana, na kuitenda, na kuifundisha. Wewe umebaki na la kwanza na la tatu. Nenda kwa wazee wa kanisa uwaambie, wazee wangu, nimefiwa na sijaomboleza, naomba mtu mwingine ashike somo la Ijumaa kwa miezi miwili mitatu. Sema hivo hivo, usiwapambie maneno, usiseme ni kazi imekuwa nyingi. Watakubali, na wasipokubali wote, yupo mmoja kati ya hao wenye daftari atakayeweza kusimama, hata asipofafanua vizuri kama wewe. Na wewe Ijumaa hiyo nenda bado, kaa nyuma, usibebe daftari. Akisoma andiko unalolijua asikuone ukimsahihisha kichwani, sikiliza tu mpaka amalize, na mkimaliza mrudi nyumbani kwa miguu na wale wazee, wakikuuliza habari ya mtoto wajibu.

Shangazi